Mkunga Ashika Msafara

Kambi ya kwanza
Jumatatu, 4 Agosti

Mume wangu,

Tumefika, tumepiga kambi, na hakuna hema lililoanguka. Najua ndilo neno ulilokuwa ukilingoja hapo kitandani, masikio yamekusimama.

Huku simu ni pambo tu. Mtandao haupatikani hata ukipanda juu ya jabali ukasimama kwa vidole. Kwa hiyo Breki amekubali kuwa tarishi wetu: kila akituletea maji na vyakula na gari lake, atabeba na barua. Kwa anavyoendesha, hii huenda ikakufikia umeota mvi mpya.

Wamekuja wote wanaotembea nawe pwani kila mwaka. Dada yako analalamika kila hatua na hajabaki nyuma hata mara moja. Kinyozi na mkewe wanagombana nani alisahau sufuria. Mafundi wako wawili wa karakana wanagusa mahema uliyoshona kama watu wanaosalimiana na ndugu. Na Meja, bila shaka. Muuza miwani ambaye hajawahi kuvaa gwanda, lakini ile filimbi aliyojinunulia imempandisha cheo.

Nina kesi na wewe. Miaka yote ulirudi huku ukanisimulia vigingi, mafundo, na nani alikoroma. Hukusema kwamba ukikata kona ya rasi ya kwanza bahari inakufungukia yote kwa pamoja, rangi tatu, na majabali meupe yamechomoza majini kama meno ya mtoto yanayoota. Nilisimama pale mpaka Meja akapuliza filimbi. Ulikuwa unanificha pazuri hivi ukisingizia kazi?

Uliniuliza siku ya kuondoka kama naogopa. Mimi nimezalisha pacha umeme umekatika, tochi nimeing'ata mdomoni. Sembuse kamba na turubai.

Je, umetoka nje? Sisemi mbali. Mlangoni tu.

Mkeo,
kiongozi wa msafara


Nyumbani
Jumatano, 6 Agosti

Kwa kiongozi wa msafara (nimekuandika hivyo uone kwamba sina wivu),

Barua yako nimeisoma, nikamsomea binti yetu, nikairudia mwenyewe. Huku tu wazima. Binti amepika wali jana: chini mkaa, juu mchele, na katikati kijiko kimoja kilichoiva. Nimekula hicho kijiko nikamshukuru.

Mlangoni sijafika. Jua nalipata dirishani na linanitosha. Nikikaa mlangoni kila mpita njia atanitupia pole yake, nami pole nimeshiba. Tangu mguu ukatwe nimepewa pole za kutosha mji mzima. Usinihesabie dhambi. Kidonda kimefunga vizuri, daktari ameridhika. Kilichobaki ni mwenye kidonda.

Sasa sikiliza maneno ya kazi. Ijumaa mtafika mlango wa mto. Msibabaike. Maji yakipwa, utauona ulimi wa mchanga unatokeza kuanzia upande wenu mpaka ng'ambo. Vukeni juu yake. Maji hayapiti magoti. Mimi nimevuka hapo kila mwaka, na siku moja nilivuka nimembeba dada yangu mgongoni akiimba. Usidanganywe na mtu kuzunguka kwa daraja la juu: ni njia ndefu, na miiba ya huko itawachana nguo bure.

Ukikosa uhakika, msikilize Meja. Ana kelele, lakini njia anaijua.

Usiku unalala vizuri? Chini ya godoro lako weka majani makavu, si mabichi.

Mumeo,
Fundi


Kambi ya tatu
Alhamisi, 7 Agosti

Mume wangu,

Naandika upesi, Breki ameshawasha gari, na kwake kuwasha ni nusu ya safari.

Leo tumepita juu ya majabali, bahari chini yetu inapiga kelele kama soko. Dada yako alikaa ukingoni, akavua viatu, akasema hapa ndipo angependa kuolewa kama asingekuwa ameshaolewa mara mbili. Mke wa kinyozi alicheka mpaka akashikwa kwikwi. Laiti ungewaona.

Lakini hebu niambie, Meja umemlisha nini? Ananifuata kama kivuli cha saa sita. Nikisema tupumzike, ananong'ona na mafundi pembeni. Nikisema twende, anatazama saa yake kwanza, kisha anapuliza filimbi kana kwamba wazo ni lake. Jana nilichagua pa kupiga kambi, akazunguka pale, akakanyagakanyaga chini, akasema, "Panafaa." Nani alimuuliza?

Nimemvumilia. Wodini kwetu wapo madaktari wageni wa namna hiyo, huwa wanapoa wenyewe.

Milimani huko bara mvua inanyesha, tunayaona mawingu yake kutoka hapa. Kesho mto. Breki tumekubaliana atukute ng'ambo Jumamosi.

Na mlango wa nyumba uko hatua chache kutoka kitandani. Mimi nimeshatembea pwani nzima.

Mkeo


Mnara wa taa
Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu,

Barua hii namwachia mlinzi wa mnara, kwa sababu amesema mtu yeyote anayetoka mtoni lazima apite hapa.

Breki aliwangoja ng'ambo jana kutwa. Hamkuja. Akatembea ufukweni akaokota kofia ya Meja, na mbele yake kidogo akakuta hema limeviringishwa, limejaa mchanga. Aliniletea hilo hema. Nililitambua kwa mshono kabla hajalikunjua.

Nimo garini mwake. Sikumbuki nilivyotoka nyumbani. Binti anasema nilipita mlangoni kwa kuruka, nikasahau magongo, akanikimbilia nayo. Shati nililovaa ni lile la kulalia.

Mimi ndiye niliyekwambia uvuke. Niliandika kwa mkono wangu, maji hayapiti magoti.

Hapa barabara imekwisha, na mimi huko mbele siwezi kufika. Mlinzi ametuma watu watafute kando ya mto. Sisi tunakwenda hospitali ya wilaya kuuliza. Kuuliza nini, sitaki kuandika.

Ukiisoma hii, kaa hapo hapo ulipo. Mwambie mlinzi apandishe kitambaa chochote juu ya mnara. Nitakiona kutoka barabarani.

Mimi


Mnara wa taa
Jumatatu, 11 Agosti

Mume wangu,

Tu wazima. Sote. Mlinzi amepandisha shuka la mke wa kinyozi, lenye maua mekundu, na kama hukuliona basi macho nayo tuyapeleke kwa Meja akayauzie miwani.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaketi. Najua ulivyopata taabu. Sasa ngoja nikusimulie, maana kofia na hema haziwezi kusema.

Ijumaa tulifika mtoni maji yamekupwa, kama ulivyosema. Ulimi wa mchanga ulikuwepo, kama ulivyosema. Lakini maji yaliyopita pembeni yake yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na yalibeba matawi yenye majani mabichi. Tawi bichi halikufa jana. Huko juu mto ulikuwa unang'oa miti saa ile ile tuliyokuwa tukiutazama.

Nikasema hatuvuki, tunazunguka kwa daraja.

Meja akapuliza filimbi. "Fundi kasema tuvuke."

"Fundi yuko kitandani," nikamwambia. "Aliye hapa ni mimi."

Akavua kofia, kwa heshima kabisa. "Mama, nisamehe. Msafara huu ni wangu. Mumeo aliniita kabla hatujaondoka, akasema wewe upewe jina, mimi nishike kazi. Hakutaka ujue, asije akakuvunja moyo."

Mume wangu, mimi katika kazi yangu nimetukanwa na wanawake wenye uchungu, nimepigwa teke, nimeng'atwa mkono mpaka alama ikabaki. Hakuna lililowahi kunichoma kama lile. Wote walikuwa wananitazama. Mafundi wako waliinamisha vichwa, nikajua nao walikuwa wanajua.

Dada yako akashusha mzigo wake mchangani, akaukalia.

"Mimi kaka yangu namjua tangu anakojoa kitandani," akasema. "Ni mjuzi, simkatalii. Lakini mto huu haonekani akiutazama. Anayeutazama ni wifi yangu. Mimi siendi."

Mke wa kinyozi akakaa. Kinyozi akamtazama mkewe, akakaa upesi. Kisha mafundi. Akabaki Meja peke yake amesimama na filimbi yake, na mtu akibaki hivyo mbele za watu hurudi nyuma mara chache sana. Akasema atavuka mwenyewe atuonyeshe.

"Nenda," nikamwambia, "ila kamba kiunoni."

Akacheka.

"Meja, sikuombi." Nilitumia ile sauti ninayowaambia kina mama sasa sukuma. Akainua mikono mwenyewe nikamfunga.

Tuliunganisha kamba za mahema yote kwa mafundo yako, yale uliyonifundisha juu ya meza ya chakula wakati mimi nataka kupakua. Mafundi wakazungusha mwisho wa kamba kwenye mwamba. Meja, hema lake limeviringishwa mgongoni, akaenda vizuri mpaka katikati, akageuka, akatupungia mkono. Palepale ulimi ukameguka chini yake kama mkate uliolowa. Hakupiga hata kelele. Tuliona kofia, kisha hatukuona kitu.

Tulivuta. Dada yako alivuta akiwa ameketi, visigino amevichimbia mchangani, huku anamtukana Meja na ukoo wake. Meja alipotoka majini bega lilikuwa limechomoka na maji yanamtoka puani. Nilimlaza ubavu, nikamfunga mkono na leso, nikamwambia asiongee. Kwa mara ya kwanza alinitii bila kubisha.

Tukazunguka kwa daraja. Miiba ipo, hukudanganya. Kule juu lori la mbao likamchukua Meja kumpeleka hospitali, sisi tukashuka kwa miguu mpaka hapa. Ndiyo maana Breki hakutukuta.

Sasa nisikie. Kuogopa kwako sina neno nako. Mtu akimpenda mtu lazima aogope. Lakini ulinipa mimi kofia, kichwa ukampa mwingine. Ungeniambia usoni, "Mke wangu, sikuamini kwa hili," ningegombana nawe jikoni, ningekushinda, tungelala. Badala yake nimeambiwa ufukweni mbele ya kinyozi.

Barua yako inasema umetoka nje. Basi usirudi ndani. Zimebaki kambi mbili, na inayofuata iko chini ya kilima, ufukwe mpana, tambarare, ambako Breki anasema gari linafika mpaka juu ya kilima. Tutakuwa hapo Ijumaa. Sikuiti uje kuongoza. Sikuiti uje kuniomba radhi. Njoo tu.

Mkeo


Karakana
Jumatano, 13 Agosti

Mke wangu,

Meja nilimwona kabla sijaipata barua yako. Alikuwa wodi ya wanaume, mkono umefungwa kifuani, anamweleza mgonjwa wa pembeni kwamba miwani yake haimfai. Aliponiona akasema, "Fundi, mkeo ana sauti!" Nikamuuliza yuko wapi. Akasema, "Anatembea. Nani atamsimamisha?"

Nikaketi kwenye kiti cha wageni nikalia. Nesi akadhani mgonjwa ni mimi, akanipima presha. Nikamwachia anipime.

Shuka nililiona tulipokuwa tunarudi. Breki alisimamisha gari katikati ya barabara, magari yakatupigia honi, wala hatukujali.

Ndiyo, nilimwambia Meja. Sitasema nilifanya kwa ajili yako, ingawa ndivyo nilivyojidanganya. Niliwaza hivi: msafara ukienda bila mimi ukaenda vizuri, mimi nitakuwa nani? Meja akiongoza kwa maneno yangu, ni kama bado naongoza mimi. Nawe ukiongoza kwa kichwa chako, basi mimi ni mtu aliyelala tu. Ndilo lote, wala halina pambo.

Umesema ungenishinda jikoni. Ni kweli, ungenishinda.

Kuhusu Ijumaa, siwezi kukuahidi. Mchanga unameza magongo. Nilijaribu jana kwenye lundo la mchanga la jirani anayejenga. Gongo lilizama, nikabaki nimeinama kama ninayetafuta sindano, na mpita njia mmoja akaja na pole yake. Safari hii nilimjibu, "Ahsante, nishike hapa." Akanishika, akaenda zake. Haikuniua.

Unaona juu hapo nimeandika karakana. Nimefungua kwa kazi ndogo. Usiniulize ni kazi gani. Binti anafagia buibui na anataka kujua kwa nini nyundo zote nimezipanga kwa urefu.

Mumeo


Juu ya kilima
Ijumaa, 15 Agosti, alasiri

Mke wangu,

Nayaona mahema yenu. Nakuona na wewe, umevaa lile gauni la kijani. Breki anateremka na maji, ndiye anayekuletea karatasi hii. Meja amekuja nami, lakini nimemwamuru abaki garini mpaka nifike, akikohoa tu namrudisha hospitali.

Nataka nishuke mwenyewe. Usije kunipokea, wala usimtume mtu. Nikianguka, endeleeni kunywa chai. Dada yangu mfungeni kamba ikibidi.

Fundi


Chini ya kilima
Ijumaa hiyo hiyo

Mume wangu,

Nimeisoma kwa sauti, wote wamesikia. Hakuna atakayeinuka. Dada yako nimemkalisha kati yangu na mke wa kinyozi, tumembana. Anasema sisi ni wauaji.

Upande wako wa kushoto kuna njia ya mbuzi, ina kona nyingi lakini haitelezi. Breki anakurudishia karatasi hii, nimemwambia apande haraka. Amenitazama kana kwamba nimemtukana.

Teremka.

Mkeo


Kambini
Jumamosi, 16 Agosti

Binti yangu,

Leo usinipikie, sirudi. Kesho pia. Najua utalia kwa furaha.

Ulitaka kujua zile mbao za mviringo nilizokuwa nakata na ngozi ngumu niliyokuwa natoboa ni za nini. Nimeyashonea magongo viatu. Vipana kama sahani, turubai juu, mbao katikati, ngozi chini. Kwenye mchanga hayazami tena kama zamani. Yanazama kidogo, na hicho kidogo ninakiweza.

Kilima nilikiteremka jua likiwa bado kali. Njia ya mbuzi mama yako aliyonionyesha ilikuwa njema, kona kwa kona, na bahari ilikuwa mbele yangu muda wote. Miaka yote nimepita hapa natazama miguu ya watu, nani anachechemea, nani amefunga kamba vibaya. Jana, kwa kwenda polepole, niliitazama bahari. Mama yako alikuwa na haki ya kunishitaki.

Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza ni mwisho wa kilima, ambako mwamba unakutana na mchanga. Niliinuka upesi, hata maumivu sikuyasikia. Mara ya pili nilikuwa nimewakaribia kabisa, naona mvuke wa birika. Gongo la kulia likateleza, nikaenda chini mzima mzima, mchanga hadi mdomoni. Nikamsikia shangazi yako akipiga kelele, "Niachieni, niachieni!" Na mama yako, "Kaa!"

Nami nikajibu kutoka pale chini, "Nimeshakaa!"

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, na nilipokuwa nacheka ndipo nikajua naweza kuinuka. Nikainuka.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameketi duara, kila mtu na kikombe, wananitazama kana kwamba hawanitazami. Mama yako alikishika chake kwa mikono miwili. Nilipofika karibu nikaona kikombe kitupu. Chai yote ilikuwa kwenye gauni lake na hakuwa na habari.

"Nilikosea mto," nikamwambia.

"Ulikosea mtu," akasema. "Mto ulikuwa sawasawa, ila mwaka jana."

Akanivutia kiti. Mpaka hapo hakuwa ameniangalia machoni. Kisha akaniangalia, na nikaona jinsi zile siku zilivyompita, na yeye nadhani akaona zangu. Shangazi yako akasema kama tunataka kulia tulie, chai inapoa. Tukalia kidogo, tukanywa.

Meja alishuka baadaye. Mkono wake haujapona lakini mdomo umepona. Alisimama mbele ya mama yako, akaitoa filimbi shingoni, akamnyooshea. Mama yako akaigeuzageuza, akampulizia Breki aliyekuwa amelala, Breki akaruka. Akamrudishia Meja. "Kaa nayo," akasema. "Sauti ninayo."

Jioni alipanga msafara wa mwisho, wa kwenda rasi ya mbali. Nani abebe maji, nani abebe sufuria, nani atangulie mbele. Mbele akamweka mke wa kinyozi, ambaye hakuwahi kutangulia mbele ya chochote isipokuwa mumewe. Mimi akaniambia, "Wewe utakuwa wa mwisho."

Nikaona ananihurumia. Nikamwambia, "Mke wangu, niacheni hapa na mahema. Nitawachelewesha."

"Ndicho ninachotaka," akasema. "Wa mbele akijiona ana mbio, atageuka akuone, atapunguza. Hakuna asiyeweza kwenda mwendo wako. Na hao mbele yako wote ni wako: akichoka mtu, akichomwa na kitu, akikaa pembeni kulia na asitake kuonekana, wewe ndiye utakayemkuta. Mimi nikiwa katikati sitamwona. Hiyo ndiyo kazi. Unaiweza au nimpe Meja?"

Nimemwambia naiweza.

Karakana iache wazi, hewa iingie. Wateja wakija waambie fundi yupo pwani, atarudi wiki ijayo, na wakikupa pole zipokee tu, hazina ubaya. Mama yako anakusalimu, anasema wali uanze na maji mengi kuliko unavyofikiri.

Asubuhi tunaondoka. Nimewatangazia wote hapa: kesho hakuna ruhusa ya mtu yeyote kubaki nyuma yangu.

Baba yako,
wa mwisho msafarani